Mbona NFL Hutufikia Usiku wa Manane? Stori Yote ya Mpira wa Marekani Kwenye Tivi za Nje

Kila Februari stori ni ile ile. Unaamka Jumatatu, unashika simu kabla hata hujanawa uso, na unapata mtandao mzima unabishana juu ya kitu kilichotokea ukiwa umelala. Nani aliimba mapumzikoni, alivaa nini, nani alibeba Super Bowl, tangazo gani lilivunja watu mbavu. Na hapo kwa matangazo kuna kitu hujaambiwa: hata ungekesha, pengine hungeyaona.

Mechi ya NFL inayofika Nairobi, London ama Mexico City si ile anayoiona msee akiwa kwa kochi yake Chicago. Mpira ni ule ule na skoo ni ile ile, lakini kila kitu kinachozunguka mpira kinabadilika njiani. Vitu viwili ndivyo huamua unachopata: saa na matangazo. Vyote viwili vilipangwa kwa ajili ya Mmarekani, na tangu miaka ya 1980 televisheni za nje zimekuwa zikitafuta njia ya kuvizunguka. Ukishika rada ya hivyo viwili, utajua mechi gani inafaa kukesha, gani ingoje asubuhi, na gani inakuja saa poa kabisa na hukuwa unajua.

Kwanza, huu mpira mbona husimama simama?

Twende mos mos. Timu iliyo na mpira inapewa nafasi nne, zinaitwa dauni, za kusongesha mpira yadi 10. Ikifaulu inapewa nne zingine. Ikishindwa, wapinzani wanachukua. Kufikisha mpira mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6, halafu kuna nafasi ya kuongeza 1 ama 2. Ukiupiga teke ukapita katikati ya ile milingoti ya manjano, ni pointi 3. Na hiyo ndiyo misingi. Mengine utayaokota ukiendelea kucheki.

Ile laini ya manjano unayoiona imechorwa kwa nyasi haiko uwanjani. Ni kompyuta huichora, na ESPN ndio walianza kuitumia Septemba 1998. Inaonyesha pale timu inafaa kufika ndiyo ipewe dauni zingine. Kama wewe ni mgeni, weka macho hapo. Wakiivuka, kuna furaha. Wasipoivuka, kuna ngori.

Mechi ina robo nne za dakika 15, jumla dakika 60. Lakini ukiketi kuicheki itakula karibu masaa matatu. Mwaka wa 2010 gazeti la Wall Street Journal lilihesabu muda ambao mpira unachezwa kweli kweli, likapata kama dakika 11 tu. Zingine zote ni wachezaji kujipanga, makochi kunong'ona wakiwa wamefunika mdomo na karatasi, marudio, na matangazo ya biashara.

Linganisha na ligi ya Uingereza tuliyoizoea. Pale refa akipuliza, ni dakika 45 bila tangazo hata moja. NFL ina mianya kila mahali, na kila mwanya ni duka.

Anayelipa ndiye hushika saa

Mwaka wa 1961 Marekani ilipitisha sheria iliyoruhusu timu za ligi kuuza haki zao za televisheni kwa pamoja, kama mzigo mmoja. Hapo ndipo NFL ilianza kuomoka. Timu hazikuuza moja moja tena. Ligi nzima ingeketi mezani na vituo vikubwa na kusema bei.

Miaka 60 baadaye bei hiyo ni kitu kingine kabisa. Mikataba iliyotiwa sahihi 2021 na vituo vya Marekani ilikadiriwa kufika dola bilioni 110 kwa miaka 11. Super Bowl ya Februari 2025, ile Eagles waliwanyorosha Chiefs 40 kwa 22 na Kendrick Lamar akapiga shoo, ilicheki na wastani wa watu milioni 127.7 Marekani pekee. Tangazo la sekunde 30 liliuzwa hadi dola milioni 8.

Sasa jiulize, kama wewe ndiye umelipa hivyo, mechi utaianzisha saa ya nani? Utaiweka wakati Mmarekani ametoka mboka, amekula na ameketi. Huwezi mlaumu. Lakini hapo ndipo usiku wetu ulipouzwa.

Hesabu ya saa kwa Mkenya

Saa za pwani ya mashariki ya Marekani, kama New York, ndizo NFL hutumia kupanga ratiba. Sisi tuko karibu na ikweta kwa hivyo hatugusi saa zetu mwaka mzima. Wao huzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa hivyo Septemba na Oktoba tofauti ni masaa 7, na kutoka Novemba hadi Super Bowl ni masaa 8. Hii ndiyo ratiba kwa saa za kwetu:

- Mechi za kwanza za Jumapili: saa mbili usiku, kisha saa tatu usiku kutoka Novemba.
- Mechi za pili za Jumapili: kama saa tano na dakika 25 usiku, kisha saa sita na dakika 25.
- Mechi kubwa ya Jumapili usiku: saa tisa na dakika 20 usiku wa kuamkia Jumatatu, kisha saa kumi na dakika 20 alfajiri.
- Mechi ya Jumatatu usiku: saa tisa na robo ya kuamkia Jumanne, kisha saa kumi na robo. Ya Alhamisi ni vivyo hivyo, inakupata Ijumaa alfajiri.
- Mechi za London: mara nyingi saa kumi na nusu jioni, ama saa kumi na moja na nusu.
- Super Bowl: saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Shoo ya mapumziko inaingia kama saa kumi hivi, wakati wauza maziwa wanaamka.

Soma hiyo orodha tena. Mechi ambazo Wamarekani huziita kubwa ndizo hutupata tumelala. Lakini zile za kwanza za Jumapili, ambazo huwa ndizo nyingi zaidi kwa siku moja, zinaanza saa ambayo bado uko macho na umemaliza kula. Shikilia hiyo pointi, tutairudia.

Matangazo huenda wapi?

Mechi ikivuka mpaka, matangazo ya Marekani kwa kawaida hubaki nyumbani. Kampuni ya bia ya Marekani ililipia macho ya Wamarekani, na kituo cha nje kilichonunua haki kinataka kuuza nafasi zake chenyewe. Kwa Super Bowl, NFL hutengeneza hadi picha maalum za kimataifa, zenye watangazaji wake, tofauti na zile za kituo cha Marekani. Ndiyo sababu unaweza kukesha, ukamaliza mechi yote, na bado usielewe ni tangazo gani watu wanachekelea asubuhi.

Sasa kuna shida. Kituo cha Marekani kikienda matangazo, kituo cha nje kinabaki na shimo la dakika mbili, mara nyingi sana kwa usiku mmoja. Utalijaza na nini?

BBC hawaonyeshi matangazo ya biashara kabisa. Walipokuwa na Super Bowl, kila mapumziko walirudi studio, ambapo Mark Chapman alikuwa na Osi Umenyiora na Jason Bell, wawili waliocheza NFL wenyewe. Hao majamaa waliketi wakichambua kilichotokea, wakitaniana, wakielezea sheria kwa watu ambao hawakukulia huo mchezo. Shimo la matangazo likageuka darasa. Kwa mtazamaji mgeni, hiyo ilikuwa dili tamu kuliko aliyopata Mmarekani mwenyewe.

Wanajeshi wa Marekani walio kwenye kambi za nje wana chaneli yao, AFN. Hiyo hupeleka mechi za nyumbani, lakini matangazo ya biashara hutolewa na kuwekwa ujumbe wa jeshi. Kwa hivyo soja wa Marekani akiwa nje anaweza kuonyeshwa faida za kufunga mkanda wa gari wakati ndugu yake nyumbani anachekeshwa na tangazo la chipsi.

Lakini waliopigania hii kitu hadi mwisho ni Wakanada. Sheria yao huruhusu kituo cha Kanada kufunika chaneli ya Marekani na matangazo yake, kama zote mbili zinaonyesha kipindi kimoja wakati mmoja. Watu walilalamika miaka mingi: wako jirani kabisa, wanapata hadi chaneli za Marekani, lakini siku ya Super Bowl wanawekewa matangazo ya kwao. Mamlaka ya utangazaji, CRTC, ikawasikia na ikapiga marufuku ufunikaji huo kwa Super Bowl, kuanzia ile ya 2017. Kampuni ya Bell, iliyokuwa na haki za kuonyesha, ilienda kortini. NFL pia ikaenda kortini, upande wa Bell. Desemba 2019 Mahakama ya Juu ya Kanada ikasema mamlaka ilivuka mipaka yake. Matangazo ya Marekani yakafunikwa tena.

Ona venye hiyo kesi ilikaa. Mtazamaji na mamlaka walikuwa upande mmoja, ligi na kituo upande ule mwingine. Kwa sababu kituo cha nje kikikosa uhakika wa kuuza matangazo yake, mwaka ujao hakitalipa bei ile ile. Macho yako ni bidhaa, na huuzwa kwa vipande, nchi kwa nchi.

Uingereza, 1982: walianza na mabaki

Channel 4 ilipozinduliwa Uingereza Novemba 1982, ilikuwa chaneli changa inayotafuta kitu ambacho wengine hawana. Ikachukua NFL. Haikuonyesha mechi nzima za kila wiki. Ilikata vipande vitamu vya mechi za wiki iliyopita, ikaweka muziki, ikamweka mtangazaji wa redio Nicky Horne mbele ya kamera, na ikavirusha Jumapili jioni.

Fikiria hiyo akili. Mchezo una masaa matatu na dakika 11 za kucheza? Sawa, toa mifupa, pakua nyama. Mchezo unachezwa usiku? Sawa, ungoje, upeleke saa ya chai. Enzi hizo hakukuwa na simu ya kukuharibia matokeo, kwa hivyo mechi ya wiki jana ilikuwa bado moto.

Ikashika. Vijana wa Uingereza wakaanza kuvaa jezi za timu ambazo hawangeweza kupata kwa ramani. Mwili wa William Perry wa Chicago Bears, yule waliyemwita Friji, ukawa gumzo London. Agosti 1986 NFL ikaleta Bears na Dallas Cowboys Wembley kwa mechi ya kirafiki. Bears walishinda 17 kwa 6 na uwanja ulijaa zaidi ya watu 80,000.

Ligi ikaona doo. Mwaka wa 1991 ikaanzisha ligi ya pili, World League, yenye timu za Ulaya. London Monarchs walibeba kombe la kwanza pale pale Wembley, wakiwapiga Barcelona Dragons 21 kwa 0. Lakini ile ligi iliyumba, ikasimamishwa baada ya msimu wa 1992, ikarudi 1995, ikabadilishwa jina kuwa NFL Europe, na mwishowe ikafungwa 2007. Kuna mastaa walipita hapo, kama Kurt Warner, aliyecheza Amsterdam 1998 na kufikia Januari 2000 alikuwa ameshinda Super Bowl na Rams. Lakini mtazamaji wa nje hakutaka timu ya pili. Alikuwa ameonjeshwa kitu halisi kwa tivi na ndicho alitaka.

Kuleta mechi badala ya picha

Kwa hivyo NFL ikabadilisha fomu. Badala ya kupeleka ligi ndogo, ikapeleka mechi za ukweli, zenye pointi. Ya kwanza nje ya Marekani ilikuwa Mexico City, Oktoba 2005, Cardinals dhidi ya 49ers, na uwanja wa Azteca ulijaza watu 103,467. Kisha Oktoba 2007, miezi michache baada ya NFL Europe kuzikwa, Giants waliwapiga Dolphins 13 kwa 10 kwenye mvua ya Wembley. Baadaye zikaja Munich 2022, Frankfurt 2023, São Paulo 2024, halafu Dublin, Berlin na Madrid 2025.

Unaweza kudhani hapo angalau saa ilipangwa kwa ajili ya wenyeji. Ngoja. Oktoba 2014, mechi ya Lions na Falcons pale Wembley ilianzishwa saa tatu unusu asubuhi ya New York. Mbona? Kwa sababu Jumapili ya Marekani ilikuwa na nafasi tatu za mechi: mchana, alasiri na usiku. Mechi ya London ikichezwa mapema, inakuwa nafasi ya nne. Mmarekani anaamka na mpira, analala na mpira, na ligi ina kitu kingine cha kuuza. Uwanja uko London lakini saa bado ni ya Marekani.

Sisi hapo tuliokota bila kuombwa. Saa tatu unusu asubuhi ya New York ni saa kumi na nusu jioni kwetu, ama kumi na moja na nusu Novemba. Mechi za Ulaya ndizo rahisi zaidi kucheki ukiwa Nairobi, na watu wengi hawajui ziko.

Ujerumani: huyu ndiye jirani wa kuangalia

Sasa turudi kwa ile pointi ya mechi za saa mbili usiku. Watu husema NFL haiwezi shika hapa kwetu kwa sababu ya saa. Haya, cheki Ujerumani. Mechi za kwanza za Jumapili huanza huko kama saa moja jioni. Tofauti na sisi ni saa moja ama mbili tu. Mechi ya Jumapili usiku huwapata usiku wa manane kama sisi, na Super Bowl huanza kwao saa sita na nusu usiku.

Na bado mchezo ulilipuka. NFL Europe ilipofungwa, timu tano kati ya sita zilikuwa za Ujerumani, kwa hivyo mbegu ilikuwepo. Kisha kutoka 2015, ProSieben Maxx, chaneli ya bure, ikaanza kuonyesha mechi kila Jumapili. Watangazaji walikuwa wa kwao, kwa lugha yao: Frank Buschmann mwenye mdomo, na Patrick Esume, koch aliyewahi kufanya kazi NFL Europe. Walielezea, walicheka, walijibu maswali ya watu mtandaoni mechi ikiendelea. Msee akirudi nyumbani Jumapili jioni, mpira ulikuwa hapo kwa tivi, bila kulipa, kwa Kijerumani.

Novemba 2022 Buccaneers wa Tom Brady walipocheza na Seahawks Munich, karibu watu 70,000 waliimba wimbo wa John Denver kwa sauti moja hadi watangazaji wa Marekani wakashangaa hawa walitoka wapi. Walitoka kwa tivi ya bure. Mwaka uliofuata RTL, kituo kikubwa zaidi, kikachukua haki.

Kwa hivyo saa siyo kisingizio chote. Ujerumani na sisi tuna Jumapili karibu sawa. Tofauti ni kwamba wao waliwekewa mechi mahali pa bure, kwa lugha wanayoongea mezani. Sisi kwa miaka ya karibuni tumeipata ESPN kwenye DStv, yaani uwe na dishi na malipo ya mwezi, na mtangazaji anaongea kama vile ulikulia Ohio. Mtu akitupwa hapo katikati, bila mtu wa kumwambia dauni ni nini, dakika ishirini zinatosha kumrudisha kwa EPL.

Intaneti imebadilisha nini

Mambo manne ya kujua.

Moja, RedZone. Ni chaneli iliyoanzishwa 2009, mtangazaji wake akiwa Scott Hanson. Jumapili, mechi nyingi zinapochezwa pamoja, hiyo chaneli inaruka kutoka mechi moja hadi nyingine, popote timu iko karibu kufunga. Ni ile akili ya Channel 4 ya kutoa mifupa, lakini moja kwa moja. Ilijijengea jina kwa masaa saba bila matangazo, na 2025 matangazo yakaingia. Hata hivyo, kwa mgeni hii ndiyo njia rahisi ya kuonja huu mchezo, na inaanza saa mbili ama saa tatu usiku wetu.

Mbili, Game Pass. Hii ndiyo huduma ya ligi ya kustrimu kwa watu wa nje ya Marekani, na tangu 2023 inaendeshwa na DAZN. Ina kitu kinaitwa mechi ya dakika 40: mechi nzima iliyokatwa, kila mchezo uko, lakini kujipanga na matangazo yametolewa. Kama una mboka Jumatatu, hii ndiyo dawa.

Tatu, Netflix. Krismasi ya 2024 ilionyesha mechi mbili duniani kote, Chiefs na Steelers, kisha Ravens na Texans, na Beyoncé akapiga shoo ya mapumziko Houston. Ya kwanza ilianza saa tatu usiku ya kwetu. Mara ya kwanza kwa wasee wengi hapa, NFL ilikuwa kwenye kitu ambacho tayari wanakilipia.

Nne, YouTube. Septemba 2025 mechi ya Chargers na Chiefs kutoka São Paulo ilirushwa bure. Hakuna dishi, hakuna usajili. Lakini ilianza saa tisa usiku wetu, kwa sababu New York ilikuwa saa mbili usiku. Hata ikiwa bure, saa ilikuwa na mwenyewe.

Bure pia ina bei yake. Netflix wenyewe husema video ya kiwango cha juu inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na ya kiwango cha chini hadi GB 1. Mechi ya masaa matatu ni GB 9 ama GB 3. Kama uko kwa bando, shusha ubora wa picha kabla ya mechi kuanza, si baada ya kupata ujumbe kwamba data imeisha.

Na zile linki za mtaani? Unazijua. Unafungua, zinatokea kurasa tano za kamari, moja inataka ruhusa ya kukutumia arifa, na mechi inakwama ikiwa yadi moja. Simu yako ina pesa za M-Pesa na picha za familia. Fikiria hiyo kabla ya kubonyeza.

Afrika inaangaliwa, lakini kwa jicho gani?

NFL imeanza kubisha mlango huku. Umenyiora, yule wa studio ya BBC, ambaye wazazi wake ni Wanigeria na ambaye alishinda Super Bowl mbili na Giants, ndiye amekuwa sura ya kazi yao Afrika. Mwaka wa 2022 walifanya kambi ya kutafuta vipaji Accra. Ligi pia hugawia timu nchi za kujitangaza: Eagles walipata Ghana, Browns wakapata Nigeria.

Kenya pia ina jina kwenye hiyo historia. Daniel Adongo, mchezaji wa raga, alisajiliwa na Indianapolis Colts 2013 akiwa hajawahi cheza huo mpira, na msimu huo huo akaingia uwanjani. Alikuwa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Tuna raga, tuna mbio, tuna miili. Kutafuta wachezaji huku kunaeleweka.

Lakini kutafuta wachezaji na kujenga watazamaji ni vitu viwili. Waingereza walipata kipindi cha Jumapili jioni kwanza, kisha mechi. Wajerumani walipata chaneli ya bure kwanza, kisha mechi. Hakuna mahali watu walianza kupenda huu mchezo kwa sababu skauti alikuja na saa ya kupima mbio. Walipenda kwa sababu mtu aliwawekea mechi saa ya kuamka, akaketi nao, akawaelezea kwa lugha yao. Kituo cha kwetu kikiweka lisaa limoja la vipande vitamu Jumatatu jioni, na wachambuzi wawili wanaojua kuchekesha kwa Kiswahili, kitakuwa kimefanya alichofanya Channel 4 miaka 40 iliyopita.

Ukitaka kuanza msimu huu

- Anza na mechi za Ulaya. Ni jioni, ni moja kwa wakati, na hazikuibii usingizi.
- Jumapili saa mbili ama saa tatu usiku, chagua mechi moja tu ama RedZone. Saa sita zima, lala.
- Mechi za alfajiri, ziache. Cheki iliyokatwa jioni ukitoka mboka, na ufunge mitandao mchana kama hutaki kuharibiwa matokeo.
- Kabla ya kulipia chochote, angalia kama kinaonyesha timu unayotaka msimu huo. Haki huhama.
- Super Bowl, kama lazima ukeshe, lala saa mbili, amka saa nane. Kama ni shoo tu unataka, NFL huiweka kwa YouTube yao bure. Hiyo haihitaji mtu kukesha.

Na ukikesha, angalau sasa unajua ni kwa nini mtangazaji wako amerudi studio ghafla na anaongea juu ya hali ya hewa. Huko Marekani mtu analipwa mamilioni kwa hizo sekunde. Wewe tumia zako kuweka chai.